Moscow: minara saba na pengo la katikati

Jumamosi

Ndege ilitua alasiri, jua la mwisho wa Septemba likiwa bado lina nguvu kidogo. Aliyenipokea ni mzee wa Tabora aliyekuja huku miaka ya sabini kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kikavuliwa jina hilo mwaka 1992, kisha kikarudishiwa mwaka 2023. Alioa huku, akazeekea hukuhuku. Nilimwamkia shikamoo katikati ya msongamano wa wasafiri, akaitikia marahaba kwa sauti iliyowageuza watu shingo. Kabla hata hajauliza habari za nyumbani akasema, "Mwanangu, umekuja kuangalia maghorofa ya Stalin. Basi kwenye gari kaa kushoto."

Nikakaa kushoto. Tulipofika barabara ya Kutuzovsky, kwanza ilipita Moscow City, kundi la minara mipya ya vioo iliyosongamana mahali pamoja. Mmojawapo, mnara wa Federation, una mita 374, na ni mrefu kuliko chochote nilichokuja kukitazama. Niliuangalia, nikaupita. Barabara iliposhuka kuelekea mtoni ndipo Hoteli Ukraina, mojawapo ya maghorofa hayo ya Stalin, ilipojitokeza, takriban mita 200, imepanda kwa ngazi kutoka mabawa yake ya chini hadi ncha yenye nyota, na anga tupu nyuma yake. Nusu ya urefu wa ile minara ya vioo, lakini macho yaligoma kuiacha mpaka tulipovuka daraja. Kwa nini? Kazi yangu ni kuchora majengo, na swali hilo ndilo lililonileta.

Jambo la pesa niliseme mapema kwa atakayefuata njia hii: kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi hapa tangu Machi 2022. Beba dola au euro taslimu, ubadilishe benki, ununue kadi ya usafiri inayoitwa Troika.

Jumapili

Siku safi, baridi ya asubuhi inayouma masikio. Tulipanda metro hadi Vorobyovy Gory, kituo kilichojengwa ndani ya daraja, juu kabisa ya Mto Moskva, kisha tukapanda kilima taratibu kwa sababu ya magoti ya mzee.

Juu pale kuna uwanja wa kutazamia mji. Chini mto unajikunja, ng'ambo ya pili kuna uwanja wa michezo wa Luzhniki, na baada ya hapo Moscow yote imelala tambarare. Nyuma yetu, jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow. Mbele, ncha moja huku, ncha moja kule, kila moja na nafasi yake. Watu wa Moscow huyaita vysotka, na wageni wameyazoea kwa jina la Dada Saba.

Historia yake ni fupi na ya haraka mno. Januari 1947, vita vikiwa havijatimiza miaka miwili tangu viishe, watu wamejibana familia kadhaa katika nyumba moja, Baraza la Mawaziri la Umoja wa Kisovieti liliamua Moscow ijengewe majengo marefu manane; saba ndiyo yaliyokamilika. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo, jiji likisherehekea miaka 800, mawe ya msingi ya majengo yote manane yaliwekwa siku moja. Nikita Khrushchev, aliyekuja kuiongoza nchi baada ya Stalin, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba Stalin aliona aibu: tumeshinda vita, wageni watakuja kutoka nchi za mabepari, nao watalinganisha miji yao mikuu na Moscow isiyo na majengo marefu.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na mchora ramani yeyote angeiona kutoka pale tuliposimama. Kwa karne nyingi Moscow ilisomwa kwa minara ya makanisa. Mnara wa kengele wa Ivan Mkuu ndani ya Kremlin, mita 81, ulikuwa kilele, na chini yake mamia ya makuba na minara midogo ilimwambia mtu yuko mtaa gani. Miaka ya ishirini na thelathini makanisa mengi yalibomolewa, na mji ukabaki kama mdomo uliong'olewa meno. Majengo manane yaliwekwa kujaza mapengo hayo. Hayakukusanywa pamoja. Yalitawanywa kwenye kona za mto, kwenye miinuko, na kwenye viwanja vinavyokutanisha barabara kubwa, ili mtu akitembea mtaa mrefu, mwisho wake akute ncha.

Nilimwuliza mzee kama watu wa kawaida waliliona hilo au ni mambo ya wasanifu tu.

"Sisi tulilitumia," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza Kirusi chenyewe sikijui, vibao sivisomi. Wakubwa zetu wa Kenya na Kongo wakatuambia, ukipotea inua kichwa. Ukiiona nyota ya chuo kikuu, hosteli ni upande ule. Nimerudi nyumbani mara nyingi kwa nyota ile."

Tulilikaribia. Jengo lina ghorofa 36 na mita 240 pamoja na ncha, na lilifunguliwa Septemba 1, 1953, miezi michache baada ya Stalin kufa. Lilikuwa jengo refu kuliko yote Ulaya hadi mwaka 1990, Frankfurt ilipolipita. Kuingia ndani kunahitaji kibali, kwa hiyo tulilizunguka kwa nje, na kulizunguka si kazi ndogo. Mnara wa katikati ni wa kusomea na kufanyia utafiti. Mabawa ya ghorofa 18 ni hosteli za wanafunzi. Ya chini zaidi yalikuwa nyumba za maprofesa. Mtu angeweza kuishi, kula, kusoma na kuzeeka humo bila kuvaa koti la baridi.

Ile ncha inayong'aa dhahabu si dhahabu. Imefunikwa vipande vya vioo vya manjano vilivyopakwa alumini kwa nyuma. Dhahabu ingechakaa kwa upepo na mvua ya kule juu. Kioo kinang'aa mpaka leo.

Kisa cha msanifu wake kinanigusa. Kazi ilianza mikononi mwa Boris Iofan, aliyetaka jengo lisimame ukingoni kabisa mwa kilima, juu ya mto. Kwa macho alikuwa sahihi: kutoka mjini lingeonekana limesimama juu ya maji. Kwa udongo alikosea, kwa sababu kilima kile huteleza. Hakukubali kulirudisha nyuma, akaondolewa, kazi akapewa Lev Rudnev, na jengo likasogezwa mamia ya mita kutoka ukingoni. Mhandisi Nikolai Nikitin, yule ambaye baadaye alibuni mnara wa televisheni wa Ostankino, aliliwekea msingi wa masanduku ya zege ili uzito wote utulie sawasawa kwenye udongo dhaifu. Na ile nafasi iliyopatikana kwa kusogea nyuma, bustani ndefu yenye miti na sanamu za wanasayansi, ndiyo inayolipa jengo heshima yake leo. Unalikaribia kwa dakika nyingi kabla hujalifikia.

Waliolijenga wengi hawakuchagua kuja. Maelfu ya wafungwa kutoka kambi za kazi ngumu waliletwa hapa. Watu wa Moscow husimulia kwamba mmoja wao alijitengenezea mbawa za mbao akaruka kutoka juu, wengine wakisema alikamatwa, wengine kwamba alitua ng'ambo ya mto akatokomea. Nimesimama chini nikiipima ile njia kwa macho, toka ghorofa za juu mpaka Luzhniki. Sidhani inawezekana. Naelewa kabisa kwa nini watu wameihifadhi hadithi hiyo kwa miaka sabini.

Jumatatu

Leo mzee alipumzika, nikaenda peke yangu kwa miguu kufuata Sadovoye Koltso, barabara ya duara inayozunguka katikati ya mji.

Wizara ya Mambo ya Nje iko mwisho wa mtaa wa Arbat, ghorofa 27, mita 172, imekamilika 1953. Wasanifu ni Vladimir Gelfreikh na Mikhail Minkus. Ni jengo la mistari ya wima tupu, rangi ya kijivu na udongo, na juu ya lango kuna nembo ya Umoja wa Kisovieti ambayo haijaondolewa. Kati ya yote saba ndilo linaloukandamiza mtaa. Mabawa yake yamebana, uwanja mbele yake ni wa magari, na mtembea kwa miguu hapati pa kusimama akalitazama kwa raha.

Ncha yake ina historia. Mchoro wa kwanza haukuwa na ncha kabisa. Paa lilikuwa bapa, kwa mtindo wa majengo ya Marekani. Stalin akataka ncha. Mifupa ya chuma ilikuwa tayari imesimama, haikuhesabiwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo ikatengenezwa ncha nyepesi ya mabati ya chuma, ikapakwa rangi ifanane na kuta. Ndiyo maana haina nyota, isingeweza kuibeba. Ukilijua hilo huwezi tena kuliangalia bila kuona mahali wasanifu walipoishia na amri ilipoanzia.

Kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa hivi kuelekea kaskazini hadi Uwanja wa Kudrinskaya. Njiani, nyuma ya ubalozi wa Marekani, nilikatiza kuitazama nyumba ya Narkomfin, iliyokamilika mwaka 1930 chini ya Moisei Ginzburg. Ni jengo refu la kulala, ghorofa chache, madirisha ya mstari mmoja mrefu, nguzo nyembamba chini, na siku hizi limekarabatiwa vizuri sana. Nimelitaja kwa sababu ndilo lililoshindwa. Miaka ya ishirini wasanifu wa Kisovieti walikuwa mbele ya dunia, na wanafunzi wa usanifu hata kwetu huonyeshwa michoro yao. Kuanzia mwaka 1932 serikali iliyakunja makundi yao yote kuwa chama kimoja na kutaka nguzo, masuke ya ngano na sanamu. Unaposimama kwenye bustani ya Narkomfin na kuona mnara wa Kudrinskaya juu ya paa lake, unaona mshindi na mshindwa katika mtazamo mmoja, na moyo wangu ulikuwa kwa mshindwa.

Jengo la Kudrinskaya lenyewe, kazi ya Mikhail Posokhin na Ashot Mndoyants, ni la makazi, ghorofa 24, limekamilika 1954. Marubani wa majaribio na watu wa viwanda vya ndege walipewa nyumba hapa. Ghorofa ya chini ilikuwa na duka la vyakula lenye marumaru na taa kubwa za kuning'inia, mahali ambapo mtu wa mtaani aliweza kuingia kununua mkate ndani ya fahari ile. Nililipenda kuliko la wizara. Lina ngazi na bustani mbele, na wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakiota jua, vikapu vya sokoni miguuni.

Jioni nikavuka mto kurudi Hoteli Ukraina. Ndani kuna mfano wa Moscow ya mwaka 1977, umepunguzwa mara 75, taa zake huzimwa na kuwashwa ili mgeni aone mchana na usiku. Nilibaki hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa juu namna ile ndipo mpango unaposomeka: mji wa chini, tulivu, na minara inayousimamia.

Hoteli ilikamilika mwaka 1957 na ilibuniwa na Arkady Mordvinov akishirikiana na Vyacheslav Oltarzhevsky. Huyu wa pili alifanya kazi New York kwa miaka kumi na moja, akaona kwa macho yake jinsi Wamarekani wanavyosimamisha chuma, kupanga lifti na kupandisha maji. Akarudi nyumbani 1935. Mwaka 1938 akakamatwa, akapelekwa kambi ya Vorkuta, kule juu karibu na ncha ya dunia. Aliachiwa wakati wa vita, na miaka michache baadaye serikali ileile ilihitaji kichwa chake, kwa sababu hakukuwa na wengi nchini waliojua jengo refu linasimamaje. Akawapa alichojua.

Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Mzee alikuja na miavuli miwili, tukashuka kituo cha Krasnye Vorota.

Hapa ndipo penye uhandisi ulionifanya nisahau mvua. Msanifu Alexey Dushkin alitakiwa kujenga mnara wa ghorofa 24 na, wakati huohuo, chini ya bawa lake kuchimbwe njia ya ngazi za umeme za kushukia metro. Shimo refu ubavuni mwa jengo zito, kwenye udongo wenye maji! Kusubiri kimoja kiishe hakukuruhusiwa. Mhandisi Viktor Abramov akaamua kuugandisha udongo: mabomba yakashindiliwa ardhini, yakapitishwa maji ya chumvi yaliyopozwa sana, ardhi ikawa jiwe, ndipo wakachimba. Tatizo ni kwamba udongo ukiganda hufura, na ukiyeyuka hushuka. Upande mmoja wa jengo ungeinuka kisha uzame. Walihesabu utazama kiasi gani, wakausimamisha mnara ukiwa umeinama kidogo upande wa pili kwa makusudi. Barafu ilipoyeyuka, jengo lilijinyoosha lenyewe.

"Hii tulifundishwa darasani," mzee alisema, ameweka kiganja ukutani. "Mwalimu wetu alituambia, msichezee. Ukikosea hesabu, hakuna wa kuuinua tena."

Ukutani kuna picha ya kuchongwa ya mshairi Mikhail Lermontov, aliyezaliwa mahali hapa mwaka 1814, katika nyumba iliyobomolewa kupisha mnara.

Kituo kimoja mbele ni Komsomolskaya, uwanja wa stesheni tatu za treni, mojawapo ikiwa ile ya Yaroslavl inakoanzia reli ya kilomita 9,288 hadi Vladivostok. Pembeni imesimama Hoteli Leningradskaya, mita 136, fupi kuliko zote saba na iliyopambwa kuliko zote. Ilijengwa ili msafiri akitoka stesheni akutane na mji mkuu usoni. Msanifu wake, Leonid Polyakov, alipata Tuzo ya Stalin kwa michoro yake.

Kisha upepo ukageuka. Desemba 1954 Khrushchev aliwakusanya wajenzi wa nchi nzima akawashambulia wasanifu wazi wazi: fedha zinaishia kwenye ncha na mapambo, vyumba ni vichache, watu hawana pa kulala. Novemba 1955 likatoka azimio la kuondoa kile kilichoitwa ubadhirifu katika ujenzi, na Polyakov akanyang'anywa tuzo yake. Badala ya minara zikaja nyumba za ghorofa tano za vipande vya zege vilivyotoka kiwandani, mamilioni ya vyumba vidogo, mtaa baada ya mtaa.

Juu ya hili mimi na mzee tulibishana, tumekaa kwenye mgahawa wa stesheni na bakuli za supu ya kabichi. Mimi nilisema kumnyang'anya mtu tuzo kwa kutekeleza alichoagizwa ni dhuluma. Mzee hakukataa, lakini alisema: "Mke wangu alizaliwa chumba kimoja na familia tatu nyingine jirani, jiko moja, choo kimoja. Mwaka 1962 wakapewa vyumba viwili vya ghorofa tano. Mama mkwe wangu alilia siku nzima kwa furaha. Usiniambie ncha ilikuwa na faida kuliko choo." Sikuwa na jibu, na sijalipata bado. Naamini vyote viwili kwa pamoja: kwamba Khrushchev alikuwa sahihi kuhusu nyumba, na kwamba zile nyumba zilipoenea, ni hii minara saba iliyozuia mji wote usiwe wa sura moja.

Jumatano

Mvua imeisha. Leo ni zamu ya jengo ambalo halipo.

La nane lilipangiwa Zaryadye, hatua chache kutoka Kremlin. Dmitry Chechulin alilichora la ghorofa 32 na mita 275, ambalo lingekuwa refu kuliko chuo kikuu. Mtaa wa kale wenye vichochoro ulibomolewa, msingi ukamwagwa, chuma kikaanza kupanda. Stalin alipokufa Machi 1953 kazi ikasimama, baadaye chuma kikang'olewa. Juu ya msingi uleule Chechulin akaja kujenga Hoteli Rossiya, pana na nzito, iliyofunguliwa 1967 na kubomolewa kuanzia 2006. Tangu 2017 pale ni bustani ya Zaryadye, yenye daraja linalotoka juu ya mto na kurudi bila kugusa ng'ambo.

Nilisimama kwenye kona ya daraja hilo nikashukuru kwamba mnara haukujengwa. Upande mmoja Kremlin na makuba ya Kanisa la Mtakatifu Basil. Mnara wa mita 275 hapa ungeyageuza yote hayo kuwa vitu vya mezani. Sheria ya yale saba ni umbali, na hili la nane lingeivunja.

Upande wa pili, pale Mto Yauza unapoingia Moskva, limesimama jengo la Kotelnicheskaya, kazi ya Chechulin huyohuyo na Andrei Rostkovsky, mita 176, limekamilika 1952. Hili ndilo zuri kuliko yote. Sisemi kwa ushabiki. Nimelitazama asubuhi kutoka darajani, mchana kutoka kwenye boti, jioni kutoka mlangoni. Bawa lake moja linafuata ukingo wa mto, jingine linapanda na Yauza, na mnara umesimama kwenye kiungo kabisa. Ukiuhamisha mita mia moja upande wowote, unakufa. Mito miwili iliuchagulia mahali.

Boti tuliyopanda hutoka karibu na stesheni ya Kiev na kuteremka na mto. Nawashauri wote waipande. Inaanzia jirani na Ukraina, inakunja chini ya chuo kikuu, inapita Kremlin, na kila unapodhani mji umeishiwa, ncha nyingine inachomoza nyuma ya kona. Kwa saa mbili hivi sikukaa kitini.

Kotelnicheskaya ni nyumba za watu. Mcheza baleti Galina Ulanova aliishi hapa na nyumba yake sasa ni makumbusho. Mwigizaji Faina Ranevskaya naye alikaa hapa. Chini kuna sinema ya Illuzion, iliyofunguliwa 1966 kwa ajili ya filamu za zamani. Mama mmoja mkazi, aliyemfahamu mzee kwa miaka, alituruhusu kuona ukumbi wa kuingilia: nguzo za marumaru, dari ya picha, lifti yenye fremu ya shaba. Akasema maji ya moto husumbua na mabomba ni ya enzi. Na hapa pia walijenga wafungwa na mateka wa vita wa Kijerumani. Mama huyo alilisema hilo yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Alhamisi

Kituo cha Kropotkinskaya. Kilifunguliwa 1935 kwa jina la Kasri la Masovieti, kimebuniwa na Dushkin, yule wa udongo ulioganda, pamoja na Yakov Likhtenberg. Nguzo nyeupe zinafunguka juu kwa mwanga. Kituo ni kipana kwa sababu umati mkubwa ulitarajiwa kushuka hapa kila siku.

Ukipanda juu unakutana na Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi. Mahali hapa ndipo panapoyaeleza yale saba. Kanisa la awali, lililojengwa kwa ajili ya ushindi dhidi ya Napoleon na kuwekwa wakfu 1883, lililipuliwa Desemba 5, 1931. Badala yake Iofan alibuni Kasri la Masovieti: mita 415, na juu yake Lenin wa mita 100. Lingelipita Empire State ya New York. Msingi ulichimbwa, chuma kikapanda, Wajerumani wakavamia, na chuma kikang'olewa kwenda vitani. Baada ya vita shimo lilibaki, na mwaka 1960 likafanywa bwawa la kuogelea la wazi, maji ya moto hadi wakati wa theluji. Bwawa nalo likaondolewa, kanisa likajengwa upya na kuwekwa wakfu mwaka 2000.

Ile minara iliwekwa kwa kulitazama kasri hili. Ilikuwa pete, na kito kilitakiwa kukaa hapa. Hata watu ni walewale: Iofan wa kasri aliyepewa chuo kikuu kisha akapokonywa, Gelfreikh aliyechora kasri naye akajenga wizara, Dushkin aliyejenga kituo chake akaja kujenga mnara wa Krasnye Vorota. Walipokuwa wakichora, walijua cha katikati kitakuwa mara mbili ya vyao.

Hakikujengwa, na naamini kwa dhati hilo ndilo lililoiokoa Moscow. Kama Lenin wa mita 100 angesimama hapa, ncha zote saba zingekuwa walinzi wake. Kwa kuwa katikati palibaki wazi, kila moja ilipata mtaa wake na watu wake. Hii ndiyo sababu Ukraina ilinishika macho Jumamosi. Urefu wake ni wa kawaida kwa leo, lakini mahali pake palichaguliwa kwa kuufikiria mji mzima ulio nyuma na mbele yake.

Mchana nilikwenda kaskazini-magharibi kuona Triumph Palace, jengo la fleti la mita 264 lililokamilika 2006 kwa kuiga mtindo huo, ncha na ngazi zote zipo. Sikukaa sana. Limesimama katikati ya nyumba nyingine, halifungi barabara yoyote wala halijibu kona ya mto. Waliiga umbo wakaacha mpango.

Mtindo wenyewe ulisafiri mbali zaidi: Riga ilipata jengo la Chuo cha Sayansi, Bucharest ikapata nyumba ya magazeti, Prague hoteli. Warsaw ilipata Kasri la Utamaduni na Sayansi, mita 237, zawadi ya Stalin iliyobuniwa na Rudnev wa chuo kikuu na kukamilika 1955. Kule lilisimama peke yake juu ya mji uliokuwa umeteketezwa na vita, na wakazi wengi wameliona kwa miaka kama muhuri wa mtawala. Jengo la aina moja, msanifu mmoja, na likiwa pweke linasema jambo tofauti kabisa.

Ijumaa

Siku ya mwisho mzee alitaka tupande basi B, linalozunguka Sadovoye Koltso yote. Zamani ilikuwa basi la umeme la nyaya, na alilipanda akiwa mwanafunzi, Jumapili, kwa nauli ya senti chache, ili apate joto na aujue mji. Sasa ni basi la betri. Tulikaa dirishani tukala karanga.

Kwa atakayetaka kuifanya safari hii kwa siku moja, hii ndiyo njia tuliyoipanga. Anza asubuhi kwa metro hadi Universitet, tembea kupita chuo kikuu hadi ukingo wa kilima, utazame mji mzima. Rudi kwa metro hadi Park Kultury, panda B kuelekea Smolenskaya: wizara itakuwa kulia. Shuka Kudrinskaya, vuka daraja kwa miguu uione Ukraina, urudi. Panda B tena hadi Krasnye Vorota, uugeukie ukuta wa bawa la metro uone kazi ya Abramov. Kituo kimoja cha metro, Leningradskaya. Malizia Taganskaya, ushuke kwa miguu kuelekea mtoni. Uwe umefika daraja la Ustinsky saa moja kabla ya jua kuzama, kwa sababu Kotelnicheskaya inaelekea magharibi na mwanga wa jioni ni wake.